Namba Iliyoishia Katikati

Wifi yangu ana tabia moja iliyonikera kuliko zote: husoma kila kitu mpaka mwisho. Mletee dawa ya kikohozi, kwanza ataikunjua ile karatasi iliyomo ndani ya boksi, aisome pande zote mbili hadi jina la mji ambako dawa ilifungwa, ndipo aguse kijiko. Wewe huku mapafu yanataka kutoka. Nilimwambia siku moja, "Wifi, utakuja kufa umeshika karatasi." Akanijibu bila kuinua macho, "Angalau nitakuwa nimejua kilichoniua." Ndivyo tulivyoishi miaka kumi na moja chini ya paa moja, tukichokozana asubuhi na jioni. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, huzunguka na mitambo ya kuchimba visima na nyumbani huonekana mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ukiniuliza nimeolewa na nani, nitakwambia nimeolewa na wifi.

Kazini walimwita Kiini. Jina lilianza siku mfagizi alipomuuliza anafanya kazi gani hasa, maana kila siku anamkuta amekaa tu anatazama kioo cha kompyuta. Akamjibu, "Naandika kiini cha mfumo." Kila kompyuta, hata iwe ndogo kama kipande cha sabuni, ina programu moja ya ndani kabisa inayoamka kabla ya nyingine zote na kuziamuru. Hicho ndicho kiini. Mfagizi akaenda kuwatangazia wenzake kwamba yule mama mwembamba wa chumba cha pembeni analipwa kwa kutazama yai. Watu wakacheka wiki nzima, na jina likaganda.

Karakana yetu ilikuwa kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la viatu. Siku za joto harufu ya ngozi na gundi bado ilikuwa inatoka ukutani. Tulitengeneza visanduku vya kumwitia muuguzi. Kimoja huwekwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kina kitufe chekundu kikubwa kama kifuniko cha chupa. Mgonjwa akibonyeza, kengele inalia kwenye meza ya wauguzi mwisho wa korido na namba ya kitanda inatokea. Kitufe nacho kinageuka kijani, mgonjwa ajue kwamba amesikika. Wifi aliandika kiini cha visanduku hivyo. Mimi nilikaa benchi la lebo, yeye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo mwaka mmoja mume wangu alipochelewa kurudi.

Kazi yangu nitaieleza, maana ndimo balaa lilimotokea. Kila kisanduku kina namba yake ya maunzi, ambayo mtandao huitumia kujua nani ni nani. Ni tarakimu na herufi kumi na mbili, zinaandikwa mbili mbili, jozi sita, na kati ya jozi na jozi unaweka nukta mbili, moja juu ya nyingine. Jozi tatu za mwanzo ni za karakana, zinafanana kwenye visanduku vyote. Jozi tatu za mwisho ni za kisanduku chenyewe, hazifanani na za kingine popote duniani. Mimi nilichapa namba hiyo kwenye lebo, nikaibandika chini ya kisanduku, kisha nikachomeka waya na kuiandika namba hiyohiyo ndani yake kama maandishi. Kisanduku kikiwashwa, kiini kinayasoma yale maandishi herufi kwa herufi na kuyageuza kuwa namba halisi, inayokaa kwenye nafasi sita za kumbukumbu.

Sasa andika namba mia mbili kwa siku, uone kama macho hayatakutoka. Ukifika ya themanini hujui tena ulikuwa jozi ya ngapi. Basi nikabuni kitu. Baada ya jozi ya tatu, badala ya nukta mbili, nikaweka kistari. Jicho likitua tu linaona: hapa pameishia pa karakana, hapa pameanza pa kisanduku. Makosa yakapungua benchini kwa zaidi ya nusu. Msimamizi akanisifu mbele ya watu, wenzangu wakaiga, na kiini cha wakati ule hakikujali, kilisoma kistari na nukta sawasawa. Nilijivunia kistari changu, sitaficha.

Sikumwambia wifi. Si kwamba nilimficha. Tukirudi nyumbani tulizungumza habari za bomba linalovuja, za paka wa mwenye nyumba, za mume wangu na ahadi zake. Nilidhani mambo ya gundi na vistari ni ya benchi, mtu anayeandika kiini ataona nampigia soga za watoto. Naye, kumbe, alidhani mambo ya kiini yatanichosha mimi. Tulikula sahani moja miaka yote hiyo na hakuna siku mmoja alimuuliza mwenzake, hebu nionyeshe unaandikaje.

Kisha mzee akapata kiharusi. Ni baba yao, baba mkwe wangu, mtu mrefu aliyewahi kuwa fundi wa saa, mtaratibu kiasi kwamba hata kuku akimfukuza humfukuza kwa adabu. Upande wake wa kulia ukafa. Tukampeleka hospitali ya mazoezi ya viungo, ghorofa ya tatu, kitanda cha kumi na nne. Zilikuwapo hospitali mbili za kuchagua, na wifi akaichagua hii kwa sababu moja tu: visanduku vyake vilikuwa vyetu. "Nitafanya kazi roho ikiwa imetulia," aliniambia. Daktari alituwekea sharti lililo wazi. Siku mzee atakapotoka kitandani hadi mlangoni kwa miguu yake bila kushikwa, siku hiyo anarudi nyumbani. Ni hatua tisa. Baada ya miezi miwili alikuwa akifika ya saba.

Ya saba, nawaambia. Wifi alikuwa akirudi nyumbani jioni ananionyesha kwa vidole, saba, kabla hata ya kuvua viatu.

Miezi hiyohiyo wifi alikuwa akiandaa toleo jipya la kiini, na ndani yake aliandika upya ile sehemu inayosoma namba. Aliniambia baadaye kwamba ya zamani ilikuwa ya mtu mvivu. Ilipokea chochote, hata namba iliyoandikwa ovyo, ikajitungia maana yake. Yeye alitaka msomaji mkali. Jozi, nukta mbili, jozi, nukta mbili, mpaka ya sita. Akikutana na kitu kingine, akatae. Mistari kumi na tisa ya programu. Aliijaribu mezani kwake kwa kisanduku chake, chenye namba aliyoiandika mwenyewe kwa nukta mbili kila mahali. Ikapita. Akaipa upuuzi mtupu tangu herufi ya kwanza, ikakataa, na kisanduku kikajichagulia namba nyingine ya bahati nasibu kama ilivyopangwa. Akaridhika.

Toleo hilo lilitumwa kwa mtandao Ijumaa, likaingia kwenye visanduku vyote vya hospitali ile, vikajizima na kujiwasha. Fundi wa zamu akazunguka ghorofa ya tatu, akabonyeza vitufe vinne. Vyote vinne vikalia. Akatia sahihi, akaenda zake.

Jumapili ile tulifua mapazia. Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zinaanza saa kumi na moja jioni, nasi tukafika kasoro dakika kumi, wifi amebeba soksi mpya za mzee zenye mpira chini zisiteleze. Korido ilikuwa kimya. Muuguzi, dada mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa mezani kwake anaandika, akatusalimu kwa kichwa. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa wazi. Mwenzake wa chumba alikuwa ameruhusiwa siku ya Alhamisi, kitanda chake kimevuliwa mashuka.

Mzee alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande usio wake. Alikuwa amekivuta kisanduku kwa waya wake mpaka kikamkalia kifuani, na kidole gumba cha mkono mzima kilikuwa juu ya kitufe. Alikuwa anabonyeza. Tik. Anapumzika. Tik. Kitufe kimekaa chekundu vilevile.

Sijui nilipiga kelele gani, ila yule muuguzi alikuja mbio na kiatu kimoja. Mzee alikuwa hapo tangu saa nane mchana. Alijaribu kwenda dirishani kushusha pazia kwa sababu jua lilikuwa linampiga usoni. Karibu saa tatu nzima, hatua ishirini kutoka kwenye meza ya muuguzi ambaye hakuwa amelala wala kwenda popote. Dada wa watu alikuwa akilia na kurudia, "Haijalia. Wallahi haijalia."

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Wifi hakulia. Jumatatu asubuhi, mzee akiwa chumba cha upasuaji, alikwenda ghorofa ya tatu na kompyuta yake na waya. Alirudi karakana saa sita, akapita moja kwa moja hadi benchi langu, akaweka kompyuta mbele yangu juu ya lebo zangu.

"Wifi," akasema, "haya maandishi ni ya nani?"

Nikaona namba ya kisanduku cha kitanda cha kumi na nne. Jozi tatu, kistari, jozi tatu.

"Yangu," nikasema. "Kwani yana nini? Tunaandika hivyo tangu mwaka juzi."

"Vyote?"

"Vyote vya benchi hili. Inasaidia macho. Kwa nini, wifi?"

Alikaa kwenye stuli ya mwenzangu. Alinieleza polepole, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, nami nilielewa kila neno, na heri nisingeelewa. Msomaji wake mkali alikuwa akisoma jozi ya kwanza na kuiweka papo hapo kwenye nafasi yake. Akasoma ya pili, akaiweka. Ya tatu, akaiweka. Akafika kwenye kistari changu. Akasema namba hii mbaya, siitaki, akaondoka. Lakini zile tatu alishaziacha mahali pake, na baada yake sifuri tatu. Sehemu ya kiini inayofuata ikaja kuangalia: je, nafasi ziko tupu, nichague namba ya bahati nasibu? Haziko tupu. Basi ikaichukua ile nusu kuwa namba nzima.

"Na nusu ile ni ya karakana," nikasema.

"Ndiyo. Inafanana kwenye visanduku vyote."

Vitanda thelathini na viwili, namba moja. Kisanduku, kabla ya kupiga kengele, huuliza meza ya wauguzi kama ipo. Meza hujibu. Jibu hupelekwa kwenye namba ile, kwa yeyote aliyesema mwisho. Ukibonyeza kimoja kimoja huku vingine vimenyamaza, kinalia, ndiyo maana vile vinne vya fundi vililia. Ila visanduku visivyojibiwa huuliza tena na tena: mwenzako akisema kabla jibu lako halijafika, jibu linakwenda kwake, wewe unabaki na kitufe chekundu. Na mezani kwa wifi kulikuwa na kisanduku kimoja tu. Kingegombania namba na nani?

"Ilitakiwa isome yote kwanza," akasema. "Isome hadi mwisho, ikishajua ni nzima, ndipo iandike. Ni jambo la siku ya kwanza ya kujifunza. Marekebisho yake ni dakika kumi."

Mtu ambaye haonji dawa kabla ya kumaliza karatasi! Nilitaka kumcheka na kumkumbatia na kumpiga kofi, vyote pamoja. Badala yake nikamwambia, "Na mimi je? Na kistari?"

"Kistari hakina kosa. Hukuambiwa."

"Ningekwambia!"

"Mimi ndiye ningekuuliza," akasema, akachukua kompyuta yake akaenda.

Dakika kumi zile alizimaliza mchana uleule. Ndipo tukakutana na ukuta. Dawa ilikuwa tayari, lakini dawa husafiri kwa mtandao, na visanduku havikuwa na mtandao tena, kila kimoja kinamsukuma mwenzake nje. Ukituma, kinapokea robo, robo nyingine inakwenda kwa jirani. Alijaribu siku mbili mfululizo. Hakuna kilichotengemaa hata kimoja. Ilibidi mtu aende kitanda kwa kitanda, ageuze kisanduku, afungue skrubu nne, achomeke waya. Toleo lilikuwa limekwenda hospitali saba. Visanduku mia tisa na kumi na sita.

Tulikwenda kwa mkurugenzi. Tulimwita Bwana Kesho kwa sababu umwombe likizo, umwombe feni, jibu lake lilikuwa kesho. Siku hiyo neno hilo lilimpotea.

"Leo," akasema. "Kuna karatasi hapa, Kiini, utie sahihi leo."

Karatasi ilisema kwamba kisanduku cha kitanda cha kumi na nne kilipata hitilafu kwa sababu ya umeme wa wodini kutokuwa imara. Wifi akaisoma. Mkurugenzi akasubiri, akipangusa miwani. Akaisoma tena.

"Si kweli hii," wifi akasema.

"Najua si kweli. Nisikilize vizuri, mama. Nikiwaandikia hospitali kwamba ni kosa letu, wanasheria wao watatufungia milango leo hii. Hakuna fundi wetu atakayekanyaga wodini mpaka kesi iishe, na visanduku vitabaki pale pale kando ya wagonjwa, hakuna atakayevitoa maana havina mbadala. Mwaka. Miaka miwili. Ukisaini, kukicha tu mnaingia kukagua umeme, nanyi mnafanya mnachotaka kufanya."

"Kwa hiyo nikisema ukweli wagonjwa wanabaki hivyo."

"Sikuumba dunia mimi," akasema Bwana Kesho.

Nilimwambia maneno ambayo yalinitoa kazini mara kisanduku cha mwisho kilipofungwa, na sijutii hata moja. Lakini alikuwa ametubana, tena alijua. Wifi aliisoma karatasi mara ya tatu, kila mstari, hadi namba ya simu iliyo chini, kisha akatia sahihi. Alipotoka mlangoni alijigonga kwenye fremu kama mtu asiyeona.

Tulivirekebisha visanduku vyote, mimi na yeye. Wiki kumi na moja. Tuliingia na beji za wakaguzi wa umeme. Yeye alifungua skrubu na kuingiza kiini kipya, mimi nilisoma lebo yangu mwenyewe na kuandika namba upya, nukta mbili kila mahali, mia tisa na kumi na sita. Kila wodi tuliyoingia, yeye alimwendea muuguzi kwanza, akamwambia kwa sauti ya chini, "Msitegemee kengele leo. Pita kitanda kwa kitanda kila nusu saa." Wengine walipita. Wengine walimtazama kama mtu mwenye kiherehere. Hospitali ya tano, kisanduku kimoja kilikuwa kando ya kitanda kitupu, na muuguzi akatuambia bibi aliyekuwa hapo amefariki wiki iliyopita. Wifi akauliza alifariki vipi. Muuguzi akasema hajui, hakuwa zamu. Wifi akakigeuza kisanduku, akaanza na skrubu ya kwanza. Hatukujua, na hatutajua.

Huku nyuma mzee alifungwa vyuma kwenye nyonga. Madaktari walijitahidi. Lakini nyonga ilikuwa ya upande uleule wa kiharusi, na mwili ulishachoka kufundishwa. Wiki ya nne walimsimamisha, akapiga mayowe. Wiki ya kumi na moja walijaribu mara ya mwisho. Daktari alituita kando, akatuambia tumchukue nyumbani. Miezi yote tulikuwa tukiingojea ruhusa hiyo, na sasa tulipewa kwa sababu hawakuwa na la kumfanyia.

Siku moja kabla hajatoka, wifi aliniambia, "Leo namwambia." Nikamwambia asimwambie, itamsaidia nini? Akasema yeye si Bwana Kesho. Tukaingia. Mzee alikuwa ameinuliwa mgongo, amenyolewa vizuri, anatazama dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Mzee humwita binti yake mama, kwa kuwa alimpa jina la mama yake mzazi.

Wifi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba, kile kisanduku. Ni mimi."

"Najua ni wewe uliyekitengeneza. Nimewaambia wote humu."

"Hapana, baba. Ni mimi niliyekiharibu. Kiliharibika kwa sababu niliandika vibaya. Ulipobonyeza, hakuna aliyesikia, na ni kosa langu."

Na langu, nikasema nyuma yake.

Mzee alifikiri. Tangu augue alikuwa akifikiri polepole, unaliona wazo linavyomjia.

"Mimi nilidhani nabonyeza vibaya," akasema. "Kidole hiki si cha kuaminika siku hizi."

"Lakini, baba, mlango ulikuwa wazi." Wifi akaugeukia mlango. "Muuguzi alikuwa palepale. Mbona hukupiga kelele?"

Mzee akamtazama kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo mwalimu mwenyewe alimfundisha jibu.

"Si uliniambia nisiite kwa sauti? Siku ile ya kwanza. Ukasema, baba, wauguzi wana watu wengi, usiwapigie kelele, hiki kitatosha, ukibonyeza tu lazima watakuja. Nikabonyeza. Hawakuja, nikasema basi sijabonyeza sawasawa, maana mwanangu hawezi kukosea. Nikabonyeza tena. Nilikuwa nasikia yule dada anaongea na simu, lakini nikasema, ngoja, nikiita kwa sauti nitamwaibisha binti yangu."

Wifi alimwinamia mkononi. Nilimwona mgongo wake unavyotetemeka, na mzee akimpigapiga kichwani kwa ule mkono mzima, akimwambia basi, mama, basi, kidole kilikuwa kibovu tu.

Sasa yuko nyumbani, miezi minne. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha la sebule. Hana maumivu makali na anakula vizuri. Hatukumwekea kengele ya aina yoyote. Nyumba yetu ni vyumba vitatu, ukikohoa jikoni unasikika kila mahali, na sisi wawili tupo muda wote: mimi nashona vifuko vya kuuza, wifi hakurudi tena karakana baada ya kisanduku cha mwisho. Ilikuwa rahisi. Akitaka maji, aseme maji.

Hasemi. Tangu aje hajamwita mtu hata mara moja. Tunamkuta na kiu, midomo imekauka. Tunamkuta blanketi limedondoka na miguu ya baridi. Mara mbili tumemkuta amejikojolea na amekaa hivyo, sijui kwa muda gani, mikono kapakata mapajani, sisi tukiwa chumba cha pili tunabishana kuhusu chumvi. Wifi huinuka kila robo saa kwenda kumtazama. Ameacha kulala mchana, ameacha kwenda sokoni, na juzi nilimwona anamchungulia mzee huku ameshika karatasi ya dawa ambayo alikuwa hajaikunjua.

Jana mchana jua lilizunguka likaingia dirishani. Tulipofika lilikuwa limempiga usoni muda mrefu, jasho linamtiririka hadi kwenye kola, macho ameyafumba. Wifi alishusha pazia, akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika magoti yote mawili.

"Baba, niite. Nakuomba. Niite hata kama huna shida yoyote. Piga kelele, tukana, chochote. Hebu jaribu sasa, nikusikie. Niite."

Mzee akafumbua macho, akamfuta jasho yeye binti kwanza, kabla ya lake.

"Wewe una kazi nyingi, mama," akasema.

Wifi hajagusa kompyuta tangu tumalize hospitali ya saba.